Namna ya kumsaidia mwanao wa shule ya kati kusoma safari na makoloni ya kwanza ya Waingereza Amerika

Mwongozo huu ni wa mzazi au mlezi anayeishi Marekani, ambaye mtoto wake wa darasa la tano hadi la nane amerudi nyumbani na somo la safari za kwanza za Waingereza na makoloni waliyoanzisha Amerika Kaskazini. Wengi wetu tuliotoka Bukavu, Mombasa, Kigoma au Bujumbura tukiona majina kama Roanoke na Plymouth hujiweka kando. Tunadhani somo si letu, na Kiingereza chetu hakitoshi. Lakini mtu aliyewahi kulima, aliyesoma jinsi nchi yake ilivyotawaliwa na wageni, au aliyelazimika kuhama na kuanza maisha upya, ana mengi ya kumwambia mtoto kuhusu mambo haya.

Shida kubwa ya somo hili ni kwamba watoto hulipokea kama rundo la majina na miaka. Mtihani ukiisha, wiki moja tu, yote yameshatoka kichwani. Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni maswali matatu, ambayo mtoto atayauliza kila anapokutana na meli mpya au mji mpya. Nani alilipia safari hii? Nani walikuwa wakiishi pale walipotua? Na mwaka wa kwanza walikula nini? Mwambie ayaandike kwenye jalada la ndani la daftari, kwa sababu hatua karibu zote zinayarudia.

Tengeni nusu saa kila jioni kwa wiki mbili au tatu. Mnahitaji daftari, penseli za rangi, karatasi moja kubwa, na karatasi alizopewa na mwalimu. Zungumzeni Kiswahili. Mtoto anayeweza kukueleza kwa Kiswahili kwa nini watu wa Jamestown, koloni la Waingereza huko Virginia, walikufa njaa ataweza kuyaandika hayo kwa Kiingereza. Anayenakili sentensi za kitabu asizozielewa hatafika popote, hata Kiingereza chake kikiwa safi namna gani.

Hatua ya kwanza: jueni mwalimu anataka nini

Kila jimbo lina mtaala wake. Kwingine somo hili husomwa darasa la tano, kwingine la nane, na kwingine hugawanywa mara mbili. Mwambie mtoto atoe karatasi ya kufungulia mada, au afungue ukurasa wa darasa kwenye kompyuta ya shule, mtafute mambo matatu: mada inaanzia mwaka gani na kuishia wapi, mtihani ni lini, na kama kuna insha au mradi wa kuwasilisha. Madarasa mengi huanza na safari ya John Cabot ya 1497 na kwenda hadi Georgia ilipoanzishwa katika miaka ya 1730.

Kama hamwoni chochote, mwandikie mwalimu. Shule za umma zinatakiwa kuwasiliana na mzazi kwa lugha anayoielewa, kwa hiyo usione haya kuomba mkalimani wa Kiswahili. Ni haki yako.

Hatua ya pili: ramani kabla ya majina

Mtoto achore pwani ya mashariki ya Amerika Kaskazini kwa mkono wake, akiangalia ramani ya kitabu bila kuipitishia penseli juu. Si lazima ipendeze. Ionyeshe sehemu tano: kisiwa cha Newfoundland kaskazini, ambacho leo kiko Kanada; rasi ya Cape Cod; mto Hudson; ghuba ya Chesapeake; na visiwa vyembamba vya mchanga vya North Carolina. Karibu kila tukio la mada hii limetokea kwenye moja ya sehemu hizo.

Sasa, kabla hajaweka bendera yoyote ya Ulaya, aandike majina ya watu waliokuwapo. Wampanoag wako kusini mashariki mwa Massachusetts ya leo. Narragansett wako Rhode Island, Pequot wako Connecticut, Lenape wako New Jersey na kando ya mto Delaware. Kwenye ghuba ya Chesapeake kuna watu wa Powhatan, muungano wa makabila 30 hivi, wenye watu kama 14,000 au 15,000, chini ya mtawala aliyeitwa Wahunsenacawh. Kwenye visiwa vya North Carolina na bara iliyo jirani kuna Secotan na Croatoan. Aandike kwa wino usiofutika. Penseli ibaki kwa ajili ya Waingereza, maana makoloni yao yalibadilisha mipaka mara nyingi.

Mwambie pia kwamba watu hawa hawajaisha. Wampanoag wa Massachusetts na Pamunkey wa Virginia wapo leo, wana serikali zao na ardhi yao. Vitabu vya shule vikishafika mwaka 1700 huwaacha kimya, na mtoto hubaki akidhani walitoweka.

Hatua ya tatu: angalieni picha moja kwa muda mrefu

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, na mzazi asiyejua Kiingereza kabisa anaweza kuiongoza.

Mwaka 1585 mchoraji John White alifika kwenye visiwa vya North Carolina pamoja na Thomas Harriot, msomi aliyekwisha kujifunza lugha ya wenyeji huko London kutoka kwa vijana wawili, Manteo na Wanchese, waliopelekwa Uingereza mwaka mmoja kabla. White alichora watu, samaki, mimea na vijiji kwa rangi za maji. Michoro yake imehifadhiwa British Museum, London, na inaonekana bure kwenye intaneti. Mwaka 1590 Theodor de Bry alichapisha nakala zake zilizochongwa kwenye shaba, zikiwa na maelezo ya Harriot. Tafuteni kijiji kinachoitwa Secota. Tahajia nyingine ni Secoton. Fungueni zote mbili, mchoro wa White na ile nakala ya de Bry, yenye mambo mengi zaidi.

Mpe mtoto dakika tano za kutazama tu, bila kuandika. Kisha aorodheshe anachokiona. Nyumba ndefu zenye paa la mviringo. Njia pana katikati ya kijiji. Watu wanaokula wakiwa wameketi juu ya mikeka. Watu wanaocheza ngoma kuzunguka nguzo zilizosimikwa. Na, kwenye mchoro wa White, mashamba matatu ya mahindi: moja limekomaa, la pili bado bichi, la tatu ndiyo kwanza linachipua.

Hapo msimamishe umuulize: kwa nini watu wale hawakupanda yote siku moja? Mkulima wa Kigoma au wa Kivu ana jibu mara moja. Ukipanda kwa awamu unavuna kwa awamu, na mvua ikikatika mapema hupotezi yote. Sasa mwonyeshe kile kibanda kidogo kilichoinuliwa katikati ya mahindi yaliyokomaa, na mtu ndani yake. Harriot anaeleza kwamba ni jukwaa la mlinzi, naye hupiga kelele mfululizo kufukuza ndege na wanyama wasimalize mazao. Ni dungu. Bibi yako huenda aliwahi kukaa kwenye dungu, au wewe mwenyewe uliamia ndege utotoni. Msimulie. Nimewaona watoto waliokuwa wakisinzia juu ya somo hili wakiamka hapo, kwa sababu ghafla wale walioitwa watu wa porini wamekuwa wakulima wanaofahamika.

Malizia kwa swali jingine: nani alichora, na nani alilipa? White na Harriot walitumwa na Walter Raleigh, aliyetaka Waingereza wengi zaidi waje kukaa huko. Kwa hiyo picha inaonyesha nchi yenye rutuba na amani. Njaa na ugomvi havimo. Mtoto aandike sentensi mbili: picha inatufundisha nini, na mchoraji alikuwa na sababu gani ya kuchora hivyo. Zoezi hilo la sentensi mbili ndilo walimu huliita uchambuzi wa chanzo cha msingi, na hutokea karibu kila mtihani.

Hatua ya nne: fuateni pesa kutoka 1497 hadi 1606

Sasa daftari. Chora mstari wa miaka na kila safari iandikwe pamoja na mlipaji wake.

Mwaka 1497 John Cabot, raia wa Venice ambaye jina lake la nyumbani ni Giovanni Caboto, aliondoka Bristol na meli ndogo, Matthew, yenye watu wasiozidi 20. Mfalme Henry VII alimpa hati ya ruhusa, lakini hati hiyo ilisema asafiri kwa gharama yake mwenyewe. Alifika pwani ya kaskazini, yaelekea Newfoundland, akarudi, na mfalme akampa zawadi ya pauni 10. Mwaka uliofuata aliondoka tena na meli tano.

Baada ya hapo karibu miaka 80 ilipita kabla Waingereza hawajarudi kwa nguvu. Mtoto aulize kwa nini. Hispania ilikuwa tajiri na yenye jeshi kubwa la majini, na Uingereza haikuwa tayari kuichokoza. Martin Frobisher alisafiri 1576, 1577 na 1578 akitafuta njia ya bahari ya kwenda Asia kupitia kaskazini. Akashawishika kwamba mawe aliyoyaokota ni dhahabu, akapakia zaidi ya tani 1,000 kupeleka nyumbani. Hayakuwa na dhahabu. Waliowekeza pesa zao wakapata hasara kubwa. Mwaka 1583 Humphrey Gilbert alitangaza Newfoundland kuwa mali ya malkia Elizabeth, na akazama wakati wa kurudi. Ndugu yake wa kambo, Walter Raleigh, akachukua ruhusa hiyo 1584, na ndipo ikaja Roanoke, koloni kwenye kisiwa cha North Carolina ya leo.

Roanoke watoto huipenda kwa sababu ya fumbo lake, na walimu hupoteza siku nzima hapo. Nyinyi ipitieni haraka ila kwa usahihi. Kundi la kwanza, la wanaume watupu, lilikaa 1585 hadi 1586 likagombana na wenyeji na kurudi nyumbani. Kundi la pili, watu 115 hivi pamoja na wanawake na watoto, lilifika 1587 chini ya John White yule yule. Mjukuu wake Virginia Dare alizaliwa huko Agosti mwaka huo. White alirudi Uingereza kutafuta chakula, vita na Hispania vikamzuia, akarudi 1590 na kukuta hakuna mtu. Kwenye nguzo palichongwa neno CROATOAN. Vitabu vingi husahau jambo moja: White alikuwa amekubaliana nao kwamba wakihama wachonge jina la mahali waendako, na wakiwa hatarini waongeze msalaba. Hakukuwa na msalaba, na Croatoan kilikuwa kisiwa cha watu wa Manteo, marafiki wao. Dhoruba ikamzuia White kwenda huko. Mtoto akiyajua haya anaweza kujibu swali la Roanoke kwa ushahidi, wenzake wakiwa bado wanahadithia mizimu.

Kisha kampuni. Mwaka 1606 mfalme James I alitoa hati kwa Kampuni ya Virginia. Gharama na hatari ziligawanywa kwa hisa: watu wengi wanaweka kidogo kidogo, wakipata wanagawana faida, wakikosa hasara haimwangushi mmoja. Hapa mzazi aliyesoma Kenya au Uganda ana silaha nzuri. Kumbuka Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki, ile ya William Mackinnon, iliyopewa hati 1888. Pesa zilipoiishia, serikali ya Uingereza ilichukua Uganda 1894 na eneo la Kenya ya leo 1895. Kampuni ya Virginia nayo ilinyang'anywa hati 1624 na mfalme akaitawala koloni moja kwa moja. Kampuni kwanza, dola baadaye. Mwambie mtoto aziandike mbili hizo sambamba, na aandike pia tofauti: Virginia ilijaa walowezi kiasi cha kuwazidi wenyeji kwa idadi, Afrika Mashariki haikujaa. Kwa wenye asili ya pwani kuna jingine la kuongeza. Meli ya Kiingereza Edward Bonaventure, nahodha wake James Lancaster, ilitia nanga Zanzibar 1591, mwaka mmoja tu baada ya White kurudi Roanoke. Waingereza walikuwa wakitafuta faida pande zote mbili kwa wakati mmoja.

Hatua ya tano: Jamestown kwa vikaratasi

Usimsomee mtoto sura nzima. Mpe kiini: meli tatu, Susan Constant, Godspeed na Discovery, ziliondoka Desemba 1606. Mei 1607 watu 104, wanaume na wavulana, wakaanza kujenga ngome kando ya mto waliouita James. Kufikia Januari 1608 walibaki hai 38 tu. Wengine wakaongezwa kwa meli. Majira ya baridi ya 1609 hadi 1610 yakawa mabaya zaidi: kati ya watu 300 hivi waliokuwa ngomeni walinusurika 60 hivi.

Sasa kata vikaratasi sita na kila kimoja kiandikwe sababu moja. Mahali: kinamasi, mbu, na maji ya mto yenye chumvichumvi wakati wa joto. Watu: wengi mabwana wasiozoea jembe, wakulima wachache. Kampuni: iliwataka watafute dhahabu na njia ya kwenda Asia. Chakula: walitegemea mahindi ya watu wa Powhatan, kwa kununua au kunyang'anya. Vita: wenyeji walipochoka waliizingira ngome. Ukame: pete za miti ya zamani zimeonyesha kwamba miaka ya 1606 hadi 1612 ilikuwa ya ukame mbaya kuliko mingine yote katika muda wa karibu miaka 800.

Mtoto avipange kutoka sababu kubwa hadi ndogo na akutetee mpangilio wake. Mbishie. Akisema watu walikuwa wavivu, muulize kama mtu anayekunywa maji mabaya kwa wiki kadhaa ana nguvu ya kulima. Akisema ukame, muulize mbona watu wa Powhatan hawakufa wote kwa ukame huo huo. Jibu la swali hilo ni zito: walijua kuwinda, kuchimba mizizi na kuhama kulingana na majira, ingawa akiba yao nayo ilipungua, ndiyo maana walikataa kuitoa. Mpangilio wowote unaotetewa kwa sababu ni sahihi. Kubishana huko ndiko kunakomfundisha.

Baadaye ndipo iingie tumbaku. John Rolfe alipanda mbegu tamu kutoka visiwa vya Karibi kuanzia 1612 hivi, na tumbaku ikapata soko London. Koloni ikapata pesa. Lakini tumbaku hunyonya udongo, kwa hiyo kila mwenye shamba alitaka ardhi mpya, na kampuni ilikuwa ikitoa ekari 50 kwa kila mtu aliyelipiwa nauli. Ardhi hiyo ilikuwa ya wenyeji. Machi 1622 Opechancanough, kiongozi wa watu wa Powhatan, aliongoza mashambulizi yaliyoua walowezi 347, na vita vikaendelea kwa miaka. Mtoto achore mishale: tumbaku, udongo kuchoka, ardhi zaidi, vita. Mishale mitatu inatosha kwa swali zima la mtihani.

Kuhusu Pocahontas, binti wa mtawala Wahunsenacawh, msaidie kutenganisha filamu na historia. Walowezi walipofika alikuwa mtoto wa miaka 11 hivi. Hakuwa mpenzi wa John Smith, mmoja wa viongozi wa Jamestown. Walowezi walimteka 1613, akaolewa na Rolfe 1614, akafa Gravesend, Uingereza, 1617, akiwa bado msichana wa miaka ishirini na kidogo. Kwa mtoto wa kike wa umri huo hadithi ya kweli inagusa zaidi.

Hatua ya sita: Plymouth na Massachusetts

Hapa mtoto achore jedwali la safu mbili, Jamestown na Plymouth, kwa yale maswali matatu. Plymouth: meli Mayflower, abiria 102, safari ya siku 66, mwaka 1620. Walilipiwa na wafanyabiashara wa London, ila waliokuwa wameshika usukani wa kundi walitafuta mahali pa kuabudu nje ya Kanisa la Uingereza. Walikuja na familia. Nusu yao hivi walikufa majira ya baridi ya kwanza.

Mahali walipokaa palikuwa kijiji cha Patuxet, kilichokuwa kitupu kwa sababu maradhi yaliyoletwa na Wazungu yaliwaua watu wake kati ya 1616 na 1619. Tisquantum, ambaye vitabu humwita Squanto, alikuwa mzaliwa wa kijiji hicho. Alitekwa 1614 na nahodha Mwingereza aliyewapeleka mateka wake Málaga, Hispania, kuwauza. Akapata njia ya kufika Uingereza, akarudi kwao na kukuta wote wamekufa. Ndiyo maana alijua Kiingereza. Mtoto wako akiwa ametoka kambi ya wakimbizi, huenda ataielewa habari ya mtu huyu kuliko darasa zima.

Mkataba wa Mayflower, yaani makubaliano ya abiria wa meli hiyo ya kujitungia sheria na kujitawala, ni mfupi. Usomeni wote kwa Kiingereza, sentensi baada ya sentensi, mtoto akikutafsiria. Uliza nani walitia sahihi. Ni wanaume 41. Wanawake hawakutia sahihi, na Wampanoag hawakuulizwa. Mtoto asishangae akiona tarehe mbili, 11 Novemba na 21 Novemba: Waingereza walitumia kalenda ya zamani hadi 1752, iliyokuwa nyuma kwa siku 10 katika karne hiyo.

Massachusetts Bay, 1630, ni koloni jingine, kubwa zaidi, la Wapuritani chini ya John Winthrop. Katika miaka kumi walifika watu 20,000 hivi. Hawa walitaka kulisafisha Kanisa la Uingereza bila kujitenga nalo, na hiyo ndiyo tofauti yao na watu wa Plymouth. Walitafuta uhuru wao wa ibada, lakini walimfukuza Roger Williams na Anne Hutchinson kwa kufikiri tofauti. Mwalimu mzuri huuliza hilo.

Hatua ya saba: sauti mbili za 1619 na 1623

Jioni mbili nzima ziende hapa.

Richard Frethorne alikuwa kijana Mwingereza aliyefika Virginia kama mtumishi wa mkataba, yaani mtu anayelipiwa nauli na kuilipa kwa kufanya kazi miaka kadhaa, mara nyingi minne hadi saba. Mwaka 1623 aliwaandikia baba na mama yake. Anasema tangu ashuke melini hajaonja kitu ila mbaazi na uji mwepesi. Mkate mdogo mmoja wanagawana watu wanne. Koti lake limeibwa. Anawasihi wazazi wamkomboe, au basi watume chakula. Barua hii hupatikana kwa urahisi kwenye intaneti. Mtoto aisome kwa sauti, kisha aandike jibu la mama kwa Kiswahili. Wewe msaidie, kwa kuwa unajua mama humwandikia nini mtoto aliye mbali. Akiandika jibu lile atakuwa ameelewa kazi, chakula, deni na umbali kwa pamoja.

Sauti ya pili haikuandikwa. Agosti 1619 meli White Lion ilifika Point Comfort, Virginia, ikiwa na Waafrika zaidi ya 20 kidogo. Walikuwa wametekwa katika nchi ya Ndongo, Angola ya leo, wakapakiwa Luanda kwenye meli ya Kireno São João Bautista, kisha wakanyang'anywa baharini. Virginia walibadilishwa kwa chakula. Hakuna barua yao iliyotufikia. Mtoto aulize kwa nini Frethorne ana barua na wao hawana.

Kisha aonyeshwe jinsi sheria ilivyotenganisha watu hawa wawili. Mtumishi wa mkataba alikuwa na mwisho wa kazi yake. Mwaka 1662 Virginia ilitunga sheria kwamba mtoto hufuata hali ya mama yake, huru au mtumwa, hivyo utumwa ukawa wa kurithi. Na si kusini peke yake: sheria za Massachusetts ziliutambua utumwa mapema, 1641.

Mtoto wetu mweusi akiketi darasani siku hiyo, mara nyingi wenzake humgeukia. Zungumza naye kabla. Mwambie waliotekwa walikuwa wakulima, wahunzi, mama na watoto, wenye lugha na ufalme, na kwamba si lazima awe msemaji wao darasani kama hataki. Akitaka kusema, awe na mambo ya kusema: Ndongo, Luanda, 1619, 1662.

Hatua ya nane: makoloni 13

Hili ni la kukariri, halina njia nyingine, na jioni mbili zinatosha. Kaskazini, New England: Massachusetts, New Hampshire, Rhode Island, Connecticut. Katikati: New York, New Jersey, Pennsylvania, Delaware. Kusini: Maryland, Virginia, North Carolina, South Carolina, Georgia. Rangi tatu kwenye ile ramani ya hatua ya pili. Kila kundi liandikiwe chakula na pesa yake: kaskazini samaki, mbao na meli, katikati ngano, kusini tumbaku, mpunga na nili. New York iliitwa New Netherland na ilikuwa ya Waholanzi hadi 1664. Pennsylvania alipewa William Penn 1681. Georgia ndiyo ya mwisho, hati yake ni ya 1732.

Na kabla ya 1707 Uingereza na Uskoti zilikuwa falme mbili zenye mabunge mawili. Mwalimu makini hutaka mtoto ajue kwamba Jamestown na Plymouth ni za kabla ya muungano huo.

Hatua ya tisa: kuandika jibu

Walimu wengi wa shule ya kati hutaka jibu lenye dai, ushahidi na maelezo yanayoviunganisha. Linganisheni majibu mawili kwa swali la kwa nini walowezi wengi wa Jamestown walikufa. La kwanza: "Walikufa kwa sababu maisha yalikuwa magumu na chakula kilikuwa kidogo." La pili: "Walikufa wengi kwa sababu walitegemea chakula cha majirani katika miaka ambayo majirani wenyewe hawakuwa na akiba. Pete za miti zinaonyesha ukame mkali kuanzia 1606 hadi 1612. Watu wa Powhatan walipoacha kuwapa mahindi na kuizingira ngome mwishoni mwa 1609, waliokuwa ndani hawakuwa na mashamba ya kuwatosha, na kati ya 300 hivi walibaki 60 hivi."

Mtoto apigie mstari dai kwa rangi moja, ushahidi kwa nyingine, maelezo kwa ya tatu. Akiona rangi moja haipo kwenye jibu lake, ndipo pa kurekebisha. Aseme jibu lote kwa Kiswahili kwanza, wewe ukisikiliza, na pale usipoelewa mwambie hukuelewa. Mara nyingi ni pale pale mwalimu naye hataelewa. Kisha aandike kwa Kiingereza peke yake. Usimwandikie.

Hatua ya kumi: siku tatu kabla ya mtihani

Siku ya kwanza achore ramani upya bila kutazama, pamoja na majina ya wenyeji. Siku ya pili apange vikaratasi vya miaka hii kwa mpangilio: 1497, 1587, 1607, 1619, 1620, 1622, 1630, 1664, 1681, 1732, na kila mwaka auseme kwa sentensi moja. Siku ya tatu umuulize makosa yanayojirudia. Nani walitangulia, Jamestown au Plymouth? Jamestown, kwa miaka 13. Ni Waingereza waliojenga mji wa kwanza wa Wazungu uliodumu katika Marekani ya leo? Hapana, ni Wahispania, St. Augustine, Florida, 1565. Cabot alikuwa Mwingereza? Hapana.

Usiku huo alale mapema. Karatasi ikirudi na alama, someni pamoja maoni ya mwalimu, na kila alichokosa akiandike upya kwenye daftari kwa usahihi, kwa sababu mada inayofuata, mapinduzi ya 1776, inaanza pale pale kwenye hati, kodi na ardhi.